Kumwandikia mwigizaji wa jukwaani: barua na ombi la saini kutoka Afrika Mashariki hadi Broadway na West End

Nyota wa filamu ni vigumu kumfuata kwa barua. Mwezi huu yuko nchi hii, mwezi ujao nchi nyingine, na barua zake hupokelewa na ofisi ya wakala ambako hurundikana. Mwigizaji wa jukwaani ana makao. Kwa miezi kadhaa anaingia jengo lilelile, kwa kawaida mara nane kwa wiki, kupitia mlango wa wasanii ulio pembeni au nyuma ya ukumbi, na hapo mlangoni kuna mlinzi anayepokea barua na kuzigawa. Kwa hiyo barua iliyotiwa posta Tanga, Kisumu au Bujumbura ina nafasi ya kweli ya kufika mkononi mwake, awe Broadway, yaani kumbi kubwa za New York, au West End, zile za London.

Kufika ni jambo moja, kujibiwa ni jingine. Siku za maonyesho mawili, ambazo mara nyingi ni Jumatano na Jumamosi, mwigizaji ana saa mbili tatu tu kati ya onyesho la mchana na la jioni. Hapo anakula, anapumzisha koo, analala kidogo, na kama ni mtu wa kujibu barua, anajibu hapohapo. Ikimbidi atafute bahasha, aulize gharama ya kutuma Tanzania na apange foleni posta, barua yako itabaki mezani mpaka onyesho lifungwe. Hatua zote zilizo hapa chini zina lengo moja: akifungua bahasha yako akute kila kitu tayari, abaki na kazi ya kusaini na kugundisha tu.

1. Hakikisha yumo, na kwamba atakuwemo barua ikifika

Fungua tovuti rasmi ya onyesho lenyewe, tafuta ukurasa wa waigizaji, usome majina ya sasa. Usitegemee makala ya zamani wala video. Kosa linaloongoza ni la watu wanaotazama rekodi ya Hamilton, tamthilia ya muziki ya Broadway, kwenye huduma ya video ya Disney+ kisha kumwandikia mwigizaji waliyemwona humo kwa anwani ya ukumbi wa Richard Rodgers. Rekodi ile ilitoka Julai 2020, lakini ilipigwa Juni 2016, na Lin-Manuel Miranda, mtunzi wake na mwigizaji mkuu, aliondoka kwenye onyesho mwezi uliofuata. Mwenzake wa rekodi hiyo, Leslie Odom Jr., alirudi, lakini kwa wiki chache tu kati ya Septemba na Novemba 2025. Aliyemwandikia Desemba alichelewa. Hali ni hiyohiyo kwa michezo ya National Theatre ya London, ambayo tangu 2009 huonyeshwa kwenye sinema na sasa hutazamwa pia mtandaoni: mara nyingi unapoutazama mchezo, waigizaji wake walishatawanyika zamani.

Kisha hesabu wiki. Barua ya ndege kutoka Afrika Mashariki uipe wiki tatu hadi sita kufika, ukijumlisha kukaa kwenye posta za pande zote mbili. Mwigizaji naye anahitaji muda wa kuifikia. Kama zimebaki chini ya wiki kumi na mbili kabla ya onyesho kufungwa au mkataba wake kwisha, uwezekano unapungua sana. Chukua mfano wa Lupita Nyong'o katika Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira: ulifunguliwa rasmi kwenye ukumbi wa John Golden tarehe 6 Machi 2016 na kufungwa tarehe 19 Juni mwaka huohuo. Mtu wa Nairobi aliyeandika wiki ya kwanza alikuwa na nafasi. Aliyesubiri mpaka Mei alikuwa anacheza kamari.

Usiwahi mno pia. Ukituma mara tu majina yanapotangazwa, barua itafika ukumbini wakati kuna onyesho jingine kabisa, na mlinzi wa mlango hatalijua jina hilo. Lenga barua ifike baada ya maonyesho ya majaribio, yale yanayotangulia ufunguzi rasmi, kuanza. Vipindi vya kukwepa ni wiki za Krismasi na mwaka mpya, ambapo kumbi nyingi huongeza maonyesho, na Aprili na Mei kwa New York, msimu wa kuelekea Tony, tuzo za maonyesho ya Broadway, ambapo waigizaji hukimbizwa na mahojiano kutwa.

Maonyesho ya muda mrefu yana nafuu kubwa. The Lion King ilianza Broadway mwaka 1997 na London mwaka 1999, na haijafungwa isipokuwa kipindi cha korona. Hapo unaangalia tu kama mwigizaji wako hajahama. Usiwapuuze waigizaji wa kundi na wale wa akiba, wanaojua nafasi tano sita na kuingia mwingine anapougua. Hupata barua chache sana, na hao ndio hujibu kwa moyo.

2. Anwani

Anwani huandikwa kwa mpangilio huu, kwa herufi za kusomeka, katikati ya bahasha:

Jina kamili la mwigizaji
The Lion King
Minskoff Theatre, Stage Door
200 West 45th Street
New York, NY 10036
USA

Na kwa London:

Jina kamili la mwigizaji
The Lion King
Lyceum Theatre, Stage Door
21 Wellington Street
London WC2E 7RQ
UNITED KINGDOM

Mstari wa jina la onyesho usiuache. Ukumbi una wafanyakazi wa tiketi, wa ofisi, wa usafi na wa jukwaa, na mstari huo ndio unaomwambia mpokeaji barua iende wapi. Maneno "Stage Door" ndiyo yanayoipeleka kwa mlinzi wa mlango wa wasanii badala ya dirisha la tiketi. Andika jina la mwigizaji, kamwe usiandike jina la mhusika. Ukiandika "Simba", kuna zaidi ya mmoja, na yule Simba mdogo huchezwa na watoto wanaopokezana. Kama unamwandikia mtoto, elekeza barua kwa mzazi au mlezi wake, ukitaja jina la mtoto.

Angalia majina ya kumbi yanayofanana. Lyceum iko London na nyingine iko New York, tena kwenye barabara ileile ya 45 iliyo na Minskoff. Palace iko miji yote miwili. Ukichanganya, barua itavuka bahari bure. Kwa New York, msimbo wa posta husaidia kujikagua: kumbi za barabara ya 41 hadi 48 ni 10036, kuanzia 49 hadi 54 ni 10019. Kwa hiyo Gershwin, nyumbani kwa Wicked, ni 222 West 51st Street, 10019, na Richard Rodgers ni 226 West 46th Street, 10036. Anayeigiza National Theatre ya London aandikiwe Upper Ground, London SE1 9PX.

Usitafute anwani ya nyumbani. Hata ukiiona mtandaoni, barua iliyofika nyumbani kwa msanii inamtisha, haimfurahishi. Kama onyesho limeshafungwa, njia ya heshima ni ofisi ya wakala wake, ambayo jina lake mara nyingi limo kwenye tovuti ya mwigizaji mwenyewe. Andika jina la mwigizaji juu, chini yake "c/o", yaani kwa kupitia, na jina la wakala. Majibu ya njia hii huchelewa sana, kwa sababu mawakala husubiri barua zijae kabla ya kuzipeleka.

3. Barua yenyewe

Ukurasa mmoja wa A4, upande mmoja. Mwandiko wa mkono ni mzuri kama unasomeka, vinginevyo chapa kisha usaini kwa kalamu. Andika kwa Kiingereza chepesi. Waigizaji wa The Lion King hutamka maneno yetu kila usiku, lakini wengi wa wale waliotoka Afrika wamekuja kutoka Afrika Kusini, na lugha zao ni Kizulu, Kikosa, Kisotho na Kitswana. Sentensi moja ya Kiswahili yenye tafsiri chini yake inapendeza. Barua nzima ya Kiswahili haitasomwa.

Anza na "Dear" na jina lake kamili, hapo huwezi kukosea cheo wala jinsia. Sehemu muhimu kuliko zote ni ya pili: taja kitu kimoja mahususi alichokifanya jukwaani. Msanii husoma "wewe ni mwigizaji bora duniani" mara mia, na sentensi hiyo ingeweza kuandikiwa mtu yeyote. Ukimwambia kwamba katika wimbo fulani anashusha sauti pale ambapo wenzake huipandisha, anajua umesikiliza. Kama hujawahi kumwona ana kwa ana, sema hivyo wazi. Kumfahamu kupitia albamu ya onyesho ukiwa Morogoro si aibu, tena ni habari itakayomshangaza kwa wema.

Mfano wa muundo, ambao utautafsiri:

*Naitwa Neema, ni mwalimu wa sekondari mjini Tanga, Tanzania. Sijafika New York. Nimekufahamu kupitia albamu ya onyesho lenu, na wimbo wako wa sehemu ya pili nimeusikiliza mara nyingi kwa ajili ya ule ukimya mfupi kabla ya mstari wa mwisho. Nimewasikilizisha wanafunzi wangu wa darasa la maigizo, tukajadili kwa nini ulinyamaza pale. Ukipata dakika moja, naomba usaini picha mojawapo kati ya hizi mbili. Nyingine ni yako. Bahasha ya kujibia ina anwani na stempu. Usipopata nafasi, nafurahi tu kwamba barua imekufikia.*

Maneno mia moja hadi mia moja na hamsini yanatosha. Usiombe pesa, ajira, udhamini wa viza wala namba ya simu. Ombi la aina hiyo, hata likiwa mwishoni kabisa, hugeuza barua yote kuwa kitu cha kutiliwa shaka, na baadhi ya walinzi na wasaidizi hufungua barua kabla ya mwigizaji. Usimsimulie matatizo ya nyumbani ili akuonee huruma. Mambo mawili tu: nini ulikipenda na nini unaomba.

4. Kitu cha kusainiwa

Picha ya sentimita 10 kwa 15, ile saizi ya kawaida ya studio, ndiyo rahisi kuliko zote. Inaingia bahasha ndogo, ina uzito wa takribani gramu 4, na haikunjwi. Picha kubwa ya 20 kwa 25 inavutia ukutani, lakini inahitaji bahasha kubwa, kadibodi na nauli ya juu zaidi, kwenda na kurudi. Kwa barua ya kwanza kaa na ndogo.

Chagua picha ya onyesho lenyewe, yenye sehemu nyeupe au ya rangi nyepesi ambapo saini itaonekana. Watu wengi huchagua picha ya jukwaa lenye giza, kisha mwigizaji anasaini kwa makapeni nyeusi na hakuna kinachosomeka. Isafishwe studio kwenye mashine ya picha. Iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji huchafuka: gusa pembe kwa kidole chenye unyevu, rangi ikihamia kidoleni usiitumie. Karatasi isiyo na mng'ao hushika wino vizuri zaidi. Yenye mng'ao ifute kwanza kwa pamba kavu ili mafuta ya vidole yasizuie wino.

Tuma mbili, zisizidi hapo. Ya pili ni kinga kalamu ikiteleza, na ukimwambia abaki nayo inakuwa zawadi. Ukituma tatu au nne utaonekana mfanyabiashara wa saini, na wengi huzirudisha bila kusaini. Kwa sababu hiyohiyo omba jina lako liandikwe kwenye picha. Saini yenye "To Neema" haiuziki kirahisi, na mwigizaji anaposikia unaitaka hivyo anatulia. Andika jina lako kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi cha kunata na ukibandike nyuma ya picha. Mwanaidi, Nyamvula au Ndayishimiye ni majina ambayo mgeni hawezi kuyakisia. Usitumie pini wala klipu ya chuma: zinaacha mkwaruzo na kunasa kwenye mashine za posta.

Kalamu usiitume. Inavimbisha bahasha, wino unaweza kuvuja njiani, na chumba cha kubadilishia nguo cha mwigizaji wa Broadway hakikosi makapeni.

Kama huna picha, kadi nyeupe ya manila iliyokatwa 10 kwa 15 inafaa kabisa. Mchoro wako mwenyewe unafaa zaidi. Kwa mchoro, tuma nakala ya kusainiwa na umwachie yeye ule wa asili.

5. Bahasha ya kujibia

Hapa ndipo barua nyingi za Afrika Mashariki zinapokufa, na sababu ni moja: stempu za Tanzania, Kenya au Uganda kwenye bahasha ya kujibia hazina kazi yoyote Marekani wala Uingereza. Stempu hulipia safari inayoanzia nchi iliyoitoa. Jibu linaanzia New York, kwa hiyo linahitaji stempu ya Marekani. Linaanzia London, linahitaji stempu ya Uingereza. Kuponi za kimataifa za kulipia majibu, zilizokubaliwa na nchi wanachama wa Umoja wa Posta Duniani mwaka 1906, ndizo zilizotatua shida hii zamani, lakini posta ya Marekani iliacha kuziuza mwaka 2013, na hata ukiipata moja, unamlazimisha mwigizaji aende kaunta kuibadilisha kwa stempu. Dola ndani ya bahasha ni kosa zaidi: fedha huibiwa njiani, na ikifika bado ni kazi kwa mpokeaji.

Njia ya kwanza, na ndiyo tunayoipendekeza, ni ndugu au rafiki aliyeko hukohuko. Bahasha ya kujibia iandikwe jina na anwani yake, kwa ruhusa yake, na ibandikwe stempu ya ndani ya nchi. Marekani, stempu moja ya "Forever" hulipia barua ya hadi wakia moja, yaani gramu 28. Saini ikifika kwa shangazi yako Minneapolis au Leicester, anakupigia picha kwa WhatsApp jioni hiyo, na picha halisi inakuja na mtu anayesafiri. Njia hii ni ya bei nafuu, ya haraka, na haipotezi barua. Stempu yenyewe akutumie mapema ndani ya barua ya kawaida, au akuletee akija likizo. Ukizipata, hifadhi kumi kumi.

Njia ya pili ni jibu kuja moja kwa moja kwako. Kwa Marekani tafuta stempu ya "Global Forever", ile ya mviringo, ambayo moja hulipia barua ya hadi gramu 28 kwenda nchi yoyote. Faida yake ni kwamba bei ikipanda, stempu uliyonunua mwaka jana bado inatosha. Kwa Uingereza kuwa makini: stempu za kawaida zenye kichwa cha Malkia zisizo na msimbopau ziliondolewa kwenye matumizi mwaka 2023. Ndugu anayekupa mabaki ya droo yake anaweza kukupa stempu zisizofanya kazi. Aziangalie msimbopau pembeni, na aulize posta thamani inayotosha barua ya kwenda Afrika Mashariki.

Ukubwa wa bahasha ya kujibia nao una ujanja wake. Posta ya Marekani huihesabu bahasha kuwa barua kama urefu haupiti milimita 292 na kimo hakipiti milimita 155. Bahasha ya C5, ile madukani huitwa ya A5, ina kimo cha milimita 162. Imezidi kwa milimita saba tu, na stempu moja haitoshi tena. Uingereza haina tatizo nayo, kwa sababu kikomo chao ni 165. Ili usihangaike tumia C6, milimita 114 kwa 162: picha ya 10 kwa 15 inaingia bila kukunjwa, na inakubalika kote kuwili. Kinga ya picha iwe kipande kimoja cha manila kinachopinda. Kadibodi ngumu huifanya bahasha ishindwe kupita kwenye mashine, na Marekani hutoza zaidi kwa bahasha ngumu.

Anwani yako ya kurudia iandike kwa Kiingereza, "P.O. Box" badala ya S.L.P., mji, na mstari wa mwisho nchi kwa herufi kubwa: TANZANIA, KENYA. Kwa Kenya weka msimbo baada ya namba ya sanduku, mfano 00100 kwa Posta Kuu ya Nairobi. Asiye na sanduku aombe kutumia la shule, kazini, msikitini au kanisani, na aandike jina lake kwanza, kisha "c/o" na mwenye sanduku. Umjulishe anayefungua sanduku, maana bahasha yenye stempu ya kigeni huvutia macho. Kenya pia kuna MPost, inayogeuza namba ya simu kuwa anwani ya posta. Juu kushoto andika "AIR MAIL". Ikiwa bahasha ina gundi ya kulambwa, ijaribu kwanza: hewa ya pwani hugundisha bahasha kabla hazijatumika. Zile za utepe wa kubandua ni salama zaidi.

6. Kufunga, kupima, kutuma

Bahasha ya nje iwe C5. Barua ya A4 ikikunjwa mara moja inaingia, na ile C6 ya kujibia inaingia bila kukunjwa. Panga hivi: barua mbele, ili ndiyo ianze kuonekana, kisha picha mbili na manila, kisha bahasha ya kujibia ikiwa wazi. Uzito wake: bahasha ya nje gramu 7, karatasi ya A4 gramu 5, picha mbili gramu 8, bahasha ndogo 4, manila 4. Jumla ni karibu gramu 28. Posta nyingi hupandisha nauli ya kimataifa baada ya gramu 20, kwa hiyo usibandike stempu kwa kukisia. Peleka ipimwe kaunta. Ukitaka ishuke hadi karibu 20, ondoa picha moja na manila.

Omba barua ya ndege ya kawaida. Rejista inaonekana ya uhakika, lakini inadai mtu wa kusaini kwa kuipokea, na tarishi anaweza kupita asubuhi wakati mlinzi wa mlango wa wasanii hajafika. Barua hurudi posta, notisi inapotea kati ya makaratasi, na baada ya siku kadhaa inarudishwa kwako. Huduma za haraka za EMS na DHL ni za nini kwa karatasi tano? Bei yake inatosha kutuma barua kadhaa za kawaida.

Kanga, kahawa, karanga, vinyago: acha kwa sasa. Chakula kutoka kwa mtu asiyejulikana hakiliwi, kwa sababu za usalama, hata kikiwa cha nia njema. Kifurushi kinahitaji fomu ya forodha, na Marekani iliondoa tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa bidhaa za chini ya dola 800, jambo lililovuruga huduma za vifurushi kutoka nchi nyingi. Barua na nyaraka hazikuguswa.

Piga picha bahasha zote mbili kabla ya kufunga, uandike tarehe, ukumbi na mwigizaji kwenye daftari. Usipoandika, baada ya miezi sita utatuma barua ileile tena kwa mtu yuleyule.

Wakati wa kusubiri

Miezi miwili ni haraka. Mwaka mmoja hutokea. Usitume barua ya kukumbusha kabla ya miezi sita, na usimfuate Instagram kumuuliza kama amesoma. Barua ikirudi na alama ya mpokeaji kutojulikana, onyesho lilifungwa au jina la onyesho lilikosekana. Bahasha yako ikirudi na picha ambazo hazijasainiwa, huenda ukumbi au mwigizaji ana utaratibu wa kutosaini, na hilo uliheshimu.

Jihadhari na akaunti zinazojifanya ni "meneja wa mashabiki" na kukuambia saini yako iko tayari, lipia kwanza usafirishaji au kadi ya uanachama kwa M-Pesa au kadi ya zawadi. Mwigizaji hauzi saini kwa ujumbe wa faragha. Ukitaka kununua kitu kilichosainiwa kwa njia halali, Broadway Cares/Equity Fights AIDS ya New York huuza na kunadi mabango na vitabu vya programu vyenye saini za waigizaji, na mapato huenda kwenye misaada.

Saini ikifika, ikague kwenye mwanga ukiiinamisha: wino wa kalamu huonekana umekaa juu ya picha, na mng'ao wake ni tofauti. Iliyochapwa pamoja na picha haina tofauti hiyo, na chini ya kioo cha kukuzia utaona vidoti. Kisha usikimbilie kuilamineti. Joto la mashine hutawanya wino wa makapeni, na plastiki ikishika haitoki tena. Itie kwenye mfuko angavu wa polipropilini, epuka ile ya PVC inayonata kwa joto. Pwani weka na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe masika yakianza. Fremu itundike ukuta usiopigwa na jua, ikiachana kidogo na ukuta wenyewe, kwani mchwa na unyevu huanzia nyuma.